Dhahabu iliyosamehewa: robo karne ya misamaha ya kodi migodini Tanzania

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila lita ya dizeli iliyoingia kwenye tangi la daladala jijini Mwanza ilikuwa imeshalipiwa tozo ya mafuta, ile inayokwenda Mfuko wa Barabara na kurudi kwa wananchi kama kifusi, lami na makalavati. Mwenye daladala alilipa. Mwenye trekta alilipa, na mwenye mashine ya kusaga kijijini ambako umeme haujafika alilipa pia. Lakini malori yaliyopeleka mafuta kwenye migodi mikubwa ya dhahabu yalipita barabara hizo hizo yakiwa na mzigo ambao tozo hiyo haikuugusa, kwa kuwa mikataba ya migodi ilikuwa imeusamehe. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, uliendesha mitambo yake kwa majenereta ya dizeli mchana na usiku. Mtumiaji mkubwa kuliko wote ndiye aliyeachwa nje ya hesabu.

Msamaha ule haukutokana na uzembe wa karani. Ulipangwa, ukaandikwa na kutiwa saini, na waliouandika walikuwa na sababu walizoziamini.

Sababu zenyewe zinaanzia miaka ya 1980, uchumi ulipoanguka na hazina ya taifa kukosa fedha za kigeni za kununulia hata vipuri. Kwa miongo miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uchimbaji mkubwa ulikuwa kazi ya mashirika ya umma, na dhahabu ilikuwa imelala. Mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza enzi za mkoloni, ulikuwa umefungwa tangu miaka ya 1960. Mwaka 1990 Bunge lilitunga sheria ya kuvutia na kulinda uwekezaji, na ndani yake kukawa na kipindi cha miaka mitano ambamo mwekezaji aliyeidhinishwa hakulipa kodi ya mapato. Miaka miwili baadaye Benki ya Dunia ikatoa mkakati wake wa madini ya Afrika: serikali ziache kuchimba, zisimamie tu, na makampuni binafsi yaongoze. Ghana ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 1986. Nchi nyingine zikafuata, kila moja ikimtazama jirani yake ameahidi nini.

Tanzania ilikamilisha zamu yake kwa sheria mbili, Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 na Sheria ya Madini ya mwaka 1998. Likizo ile ya kodi ya miaka mitano iliondolewa, na kwa mtazamaji wa mbali ingeonekana kwamba serikali imekuwa kali zaidi. Kwa migodi, kilichoingia badala yake kilikuwa kizito kuliko kilichotoka.

Mrabaha wa dhahabu uliwekwa kwenye asilimia 3, tena si ya thamani yote bali ya kiasi kilichobaki baada ya kuondoa gharama za kusafirisha na kusafisha. Mitambo na vipuri viliingia nchini bila ushuru wa forodha hadi mwisho wa mwaka wa kwanza wa uzalishaji, na baada ya hapo ushuru haukuruhusiwa kuzidi asilimia 5. Gharama zote za ujenzi wa mgodi zilikatwa kwenye mapato mara moja, badala ya kugawanywa kwa miaka mingi kama ilivyo kwa mwenye kiwanda cha sabuni. Halmashauri za wilaya, ambazo kwa sheria zingeweza kutoza ushuru wa huduma wa hadi asilimia 0.3 ya mauzo, zilifungiwa kwenye dola 200,000 kwa mwaka kwa mgodi mzima.

Kulikuwa na kipengele kimoja zaidi, na kinastahili kutazamwa kwa utulivu kwa sababu ndicho kilichokula muda mrefu kuliko vyote. Gharama ambazo mgodi ulikuwa bado haujazirudisha ziliongezewa asilimia 15 kila mwaka kwenye vitabu vya kodi. Tuseme mgodi umetumia dola milioni 100 na mwaka wa kwanza haukupata faida yoyote. Mwaka wa pili ulihesabiwa kuwa unadai milioni 115. Usipopata tena, unadai milioni 132 na ushei. Fedha ambazo hakuna aliyezitumia zilikuwa zinakatwa kwenye faida ya baadaye, na kadiri mgodi ulivyochelewa kuonyesha faida, ndivyo siku ya kulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ilivyozidi kusogea mbele. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2001 kwa migodi mipya. Ile iliyokwisha kusaini iliendelea nayo.

Iliendelea nayo kwa sababu ya kifungu cha uthabiti. Mikataba ya uendelezaji madini, iliyosainiwa kati ya serikali na kampuni moja moja, iliahidi kwamba masharti ya kodi hayatabadilishwa kwa maisha ya mgodi hata kama Bunge lingetunga sheria mpya. Hapa ndipo msamaha uliacha kuwa sera na kuwa kitu kingine. Sera hubadilishwa wapiga kura wanapobadilisha mawazo. Mkataba wa aina hii uliwafunga hata wabunge ambao hawajachaguliwa bado, na ulikuwa siri: mbunge wa jimbo lenye mgodi hakuwa na haki ya kuusoma.

Wanaoutetea uamuzi wa mwaka 1998 wana hoja, na kuipuuza si haki. Bei ya dhahabu ilikuwa imeporomoka. Katikati ya mwaka 1999 wakia moja iliuzwa kwa zaidi kidogo tu ya dola 250. Tanzania haikuwa na mgodi mkubwa wa kisasa wa dhahabu hata mmoja wa kumwonyesha mkopeshaji wa London au Toronto, na mwekezaji aliyetaka Afrika angeweza kwenda Ghana, Mali au Afrika Kusini. Na wawekezaji walikuja kweli. Golden Pride wilayani Nzega ulianza kutoa dhahabu mwaka 1998, Geita ukafuata mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002. Ndani ya miaka michache nchi iliingia kwenye orodha ya wazalishaji wakubwa wa dhahabu barani.

Swali ni kama wangekuja kwa bei ndogo zaidi. Mgodi wa dhahabu hauwezi kuhamishwa. Kiwanda cha nguo kinaweza kuchagua kati ya Athi River na Ubungo, na kikikosa msamaha huku kitakwenda kule. Mwamba wa Bulyanhulu uko Kahama na hautakuwa Ghana. Mwenye mali ambayo haipatikani kwingine ana nguvu mezani hata akiwa na njaa, na kosa kubwa la miaka ile, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilikuwa kuketi kwenye meza ile kana kwamba dhahabu ni bidhaa inayooza.

Tena kulikuwa na watu waliokuwa wakiichimba tayari. Bulyanhulu ilikuwa na maelfu ya wachimbaji wadogo waliotumia sururu, moko na kamba, na mwaka 1996 waliondolewa ili kupisha leseni ya kampuni. Yaliyotokea wakati wa kuondolewa kwao yanabishaniwa hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba hakuna aliyewahi kuwapa wao mkataba wa kusamehewa chochote.

Kisha bei ikapanda. Machi 2008 wakia moja ilivuka dola 1,000 kwa mara ya kwanza, na mwaka 2011 ikapita 1,900. Masharti yaliyotungwa kwa ajili ya dhahabu ya dola 250 au 300 yalikuwa bado yanafanya kazi, herufi kwa herufi. Mabenki na wanahisa waliona mapato yakiongezeka, wakati kwenye meza ya hazina ilikuja asilimia 3 ile ile.

Agosti 2007 jambo hili lilitoka kwenye makabrasha likaingia bungeni Dodoma. Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini kupitia Chadema, alitaka iundwe kamati teule ya kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa ameusaini jijini London mwezi Februari mwaka huo, wakati Rais Jakaya Kikwete alishaagiza mikataba ya madini ipitiwe upya. Hoja ilikataliwa na wingi wa kura za chama tawala, na mtoa hoja akasimamishwa ubunge hadi Januari 2008. Aliyetaka kuzima mjadala alikosea hesabu. Neno Buzwagi lilisambaa hadi vijiweni, kwa watu ambao hawakuwahi kusikia habari ya mrabaha, na Novemba mwaka huo huo Rais akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuitazama sekta nzima. Zitto mwenyewe akawa mmoja wa wajumbe.

Viongozi wa dini nao walikuwa wameingia. Machi 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na baraza la Waislamu, BAKWATA, walitoa ripoti waliyoiagiza pamoja, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu. Kwa hesabu ya ripoti hiyo, nchi ilikuwa imeuza nje dhahabu yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 2.5 katika miaka mitano, na serikali ikapata wastani wa dola milioni 21.7 kwa mwaka kutokana na mrabaha na kodi. Makampuni yaliipinga picha hiyo yakitaja mishahara, ununuzi wa ndani na kodi nyingine. Hata hivyo uwiano ule ulikaa vichwani mwa watu.

Sheria mpya ya Madini ikapatikana mwaka 2010. Mrabaha wa dhahabu ulipanda hadi asilimia 4, na sasa ulihesabiwa kwenye thamani ghafi. Kwa migodi ya zamani kifungu cha uthabiti kilibaki kama kilivyo, kwa hiyo serikali ililazimika kuiomba na kujadiliana nayo kipengele kwa kipengele, ikibembeleza haki ambayo kwa muuza duka inadaiwa kwa barua moja ya Mamlaka ya Mapato (TRA).

Wakati huo huo ilianza kuonekana kwamba madini yalikuwa sehemu moja tu ya tatizo. Ludovick Utouh, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliripoti kwamba misamaha ya kodi katika mwaka wa fedha 2010/11 ilifikia shilingi trilioni 1.016, sawa na asilimia 18 ya makusanyo. Mwaka uliofuata ilikuwa trilioni 1.8, zaidi ya asilimia 4 ya pato la taifa. Kwa lugha ya kibajeti, hii ilikuwa wizara kubwa isiyo na waziri. Wizara ya Afya ikitaka bilioni moja ya dawa, waziri husimama bungeni na kujieleza kifungu kwa kifungu. Trilioni ya msamaha ilitoka bila mtu kusimama, kwa kuwa kisicholipwa hakikuonekana kwenye kitabu cha matumizi.

Orodha ya waliosamehewa ilikuwa ndefu: migodi, wenye vyeti vya Kituo cha Uwekezaji, miradi ya wafadhili, taasisi za serikali, mashirika ya dini, makampuni binafsi. Si misamaha yote iliyokuwa mibaya. Dawa, unga na jembe la mkono vinaposamehewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), anayefaidika ni kila anayeumwa, anayekula na anayelima, bila kuomba kibali kwa mtu. Ubaya unaanza pale msamaha unapohitaji jina la mtu juu yake.

Mwaka 2009 Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, alijaribu kuanzia kwa wengine. Katika hotuba yake ya bajeti alipendekeza kupunguza misamaha ya VAT ya taasisi za dini. Makanisa na misikiti yalipaza sauti, yakikumbusha kwamba hospitali na shule nyingi za vijijini ni zao, na serikali ikarudi nyuma. Ni rahisi kuona ukinzani hapa: viongozi walewale waliolaumu misamaha ya migodi mwaka mmoja kabla walikuwa wanatetea ya kwao. Lakini hoja yao ilikuwa na uzito halisi, kwa sababu vitanda vile vilikuwapo na wagonjwa walikuwa wamelala juu yake. Jambo lililowafananisha na migodi ni moja: kila msamaha ukishatolewa hupata watetezi waliojipanga, ilhali wanaoulipia, mamilioni ya wanunuzi wa sukari, sabuni na muda wa maongezi, hawana hata chama.

Je, fedha hizo zilinunua nini? Kati ya mwaka 2009 na 2012 watafiti wa Benki ya Dunia waliwauliza wawekezaji wa nchi mbalimbali kama wangewekeza hata bila vivutio vya kodi. Rwanda waliosema ndiyo walikuwa asilimia 98. Uganda 93, Tanzania 91, Burundi 77. Kilichowavuta, walisema, ni soko, umeme, barabara, amani na sheria zinazotabirika. Mtu anaweza kutilia shaka majibu ya dodoso, maana ni rahisi kusema ungekuja baada ya kuwa umeshakuja na umeshapewa. Hata ukiyapunguza majibu hayo kwa nusu, bado sehemu kubwa ya misamaha ya ukanda huu ilikwenda kwa watu waliokuwa wameshaamua.

Ahadi ya kushusha misamaha hadi asilimia 1 ya pato la taifa ilirudiwa bajeti baada ya bajeti. Hatua iliyofanya kazi kweli ilikuja Julai 2015, sheria mpya ya VAT ilipoanza kutumika na kufuta misamaha mingi iliyokuwa imerundikana.

Kisha ukaja mwaka 2017 na makinikia. Machi, Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wa mchanga wenye madini kwenda nje, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya Profesa Nehemiah Osoro, zilitoa ripoti mfululizo zikiituhumu Acacia, kampuni tanzu ya kampuni kubwa ya dhahabu ya Barrick, kwa kutoonyesha thamani halisi ya kilichosafirishwa. Acacia ilikana. Mwaka mmoja kabla, baraza la rufaa za kodi lilikuwa limeamua kampuni hiyo ilipe dola milioni 41.25 kuhusiana na gawio ililowapa wanahisa wake wakati kampuni zake za Tanzania hazikuwa zikilipa kodi ya mapato, na shauri hilo lilikuwa limechochea hasira tayari. Julai 2017 TRA ilitoa dai la dola bilioni 190, kodi pamoja na adhabu na riba. Kiasi hicho kilikuwa zaidi ya mara tatu ya pato la taifa la mwaka.

Siku zile Bunge lilipitisha kwa hati ya dharura sheria zilizoupindua mfumo wa mwaka 1998 juu chini. Mrabaha wa dhahabu ulipanda hadi asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, serikali ikapewa angalau asilimia 16 ya hisa zisizofifishwa katika kila mgodi mkubwa, na mikataba yenye masharti kandamizi ikafunguliwa ijadiliwe upya. Wengi walishangilia mitaani, na kwa haki. Gharama pia zilikuwepo: Bulyanhulu ulipunguza shughuli zake kwa kiasi kikubwa, watu wakapoteza ajira, na wafanyabiashara wa Kahama waliouza mboga, mafuta na vyumba vya wageni walihisi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Suluhu ilifikiwa hatua kwa hatua kati ya Profesa Palamagamba Kabudi, kwa niaba ya serikali, na mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, na mkataba ukasainiwa Januari 2020. Dola bilioni 190 zikawa milioni 300, na milioni 100 za kwanza zikalipwa mwaka huo. Ikaundwa Twiga Minerals, Barrick ikiwa na asilimia 84 na serikali 16, kwa makubaliano ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Ukiyapima hayo dhidi ya dai, ni kidogo mno. Ukiyapima dhidi ya mkataba wa miaka ya 1990, ni nchi nyingine kabisa.

Lakini kipande cha historia hii chenye mafunzo mengi zaidi kimepata magazeti machache kuliko vyote. Januari 2019 wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini walikutana na Rais Dar es Salaam na kusema waziwazi kwa nini dhahabu yao inavushwa mpaka usiku. Walidaiwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi 1, VAT asilimia 18 na kodi ya zuio asilimia 5, kwa mtu ambaye hana vitabu vya hesabu na hajui kesho atapata jiwe au mchanga. Aliyeuza kwa mlanguzi hakulipa hata moja. Mwezi uliofuata Bunge liliwaondolea VAT na kodi ya zuio, na Machi soko la kwanza la dhahabu likafunguliwa Geita, likifuatwa na mengine mikoani.

Huu nao ulikuwa msamaha wa kodi wa kundi maalumu. Ila tazama ulivyoundwa. Haukuandikwa kwa jina la mtu wala kampuni. Kila mchimbaji mdogo aliyeleta dhahabu yake sokoni aliupata, awe wa Chunya au wa Geita. Uliandikwa kwenye sheria inayonunuliwa kwa mpiga chapa wa serikali. Haukumfunga mbunge wa kesho. Na ulidai kitu kama malipo yake, yaani kuuza mchana kwenye mizani ya serikali na kulipa mrabaha. Makusanyo ya Wizara ya Madini yalipanda kutoka zaidi ya shilingi bilioni 340 mwaka 2018/19 hadi zaidi ya bilioni 520 mwaka uliofuata. Bei ya dunia ilichangia, na migodi mikubwa pia ilikuwa inalipa viwango vipya, kwa hiyo si sahihi kuwapa masoko sifa yote. Hata hivyo dhahabu iliyokuwa haionekani ilianza kuonekana, na aliyekuwa akikimbia mgambo alianza kutoka sokoni na risiti.

Mikataba yenyewe bado ni sehemu ngumu. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi kwa umma, na utekelezaji wake umekwenda taratibu kuliko ilivyotarajiwa. Bila karatasi hizo mkononi, mbunge, diwani na mwandishi wa habari wanabishana kuhusu namba za kuambiwa.

Na misamaha inarudi kwa sura mpya. Mwaka 2002 sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje ilianza kutoa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, kama Kenya ilivyofanya tangu 1990. Mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji na mamlaka ya maeneo hayo viliunganishwa kuwa chombo kimoja, TISEZA, chenye kazi ya kuwavuta wawekezaji kwa nguvu zaidi. Uchimbaji Buzwagi, Kahama, ulikoma mwaka 2021, na eneo lake limekabidhiwa kazi mpya ya kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi wa kuvutia viwanda. Wenye karakana za Kahama wanaotengeneza vipuri na kushona sare za wachimbaji wanalipa kodi tangu faida ya kwanza. Watakaojenga ndani ya uzio watapewa masharti yao, na halmashauri, wabunge na karakana hizo wana sababu ya kutaka kuyasoma kabla ya kalamu kugusa karatasi: ni nani anasamehewa, kiasi gani, kwa miaka mingapi, na ni nini kitaondolewa iwapo ajira zilizoahidiwa hazikuja.